Jozi Tatu za Buti

Mwezi wa tatu kuta za Guangzhou hutoka jasho kama mgonjwa wa homa. Chumba cha Teddy, ghorofa ya kumi na moja, kilikuwa vivyo hivyo. Leokadia alipitisha kidole ukutani, akakifuta kwa leso, ndipo akaketi. Hakuwa mtu wa kuketi kabla hajatazama. Miaka kumi na miwili ya usajenti wa polisi kule Bukoba ilikuwa imemwachia tabia hiyo, na ujane haukumpunguzia. Siku hizi alikuwa katibu wa umoja wa wafanyabiashara Watanzania. Mtu wao akifia huku, yeye ndiye aliyeitwa kutambua maiti na kutia sahihi kwenye mfuko wa vitu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujala."

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Haya, kaa tuzungumze, muda ni mchache."

Muda ulikuwa mchache kweli. Ndege ya kwenda Harbin ilikuwa saa kumi alasiri, na saa mbili asubuhi ilishapita. Kutoka Harbin wangepanda treni hadi Mohe, mji wa mwisho kaskazini ya China. Huko wangetoboa barafu ya ziwa, wazamie chini yake siku mbili, kisha watembee msituni siku nne juu ya theluji. Ndivyo alivyopanga Ghalib wa duka la vifaa vya kuzamia, yeye na mkewe Swalha na mwenzao Adrian, tangu mwezi wa kumi na mbili, na nafasi ya nne aliiandika jina la Thadeo, kaka yake Teddy. Thadeo alikufa tarehe mbili, siku ya mazoezi, katika shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji, mwendo wa saa mbili nje ya mji. Polisi waliandika ajali. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa, maiti ikingali kwenye friji ikisubiri karatasi, na nafasi ya nne alikuwa amepewa Teddy, aliyekuja kuichukua maiti.

"Nieleze tena habari ya vidonge," Leokadia alisema. "Polepole, kana kwamba sijawahi kusikia."

Teddy alikuwa muuguzi wa zahanati, upande wa Tukuyu. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Mwezi wa kwanza tuliletewa vidonge vya malaria. Tukawapa watoto, homa haishuki. Wawili walikufa nikiwa zamu. Nilikivunja kimoja kwenye maji, mama, kilikuwa kama chaki. Nikaenda stoo kutazama boksi. Lilikuwa na maki ya kaka. T.M. na kichwa cha jogoo."

Mtu asiyefanya biashara hii hawezi kujua uzito wa neno hilo. Maki ndiyo jina la mzigo. Kila mfanyabiashara ana yake, hupakwa rangi kwenye kila robota na kila boksi, ili godauni la hapa na bandari ya kule wasichanganye vitu vya watu. Ukiingia duka lolote hapa, kabla hujataja hata rangi unayotaka, mdomo umeshataja maki.

"Ukampigia simu kaka yako."

"Nikampigia. Akaniuliza maki mara mbili. Halafu akasema, 'Kuna mtu anapitisha vitu vyake kwa maki yangu, na nimeshamjua. Tukirudi kutoka kaskazini nitamsimamisha mbele ya umoja.' Jina hakulitaja."

"Na wewe umemwambia nani hapa?"

"Wewe. Ghalib. Na Adrian, yeye ndiye alinipokea uwanjani. Nimewaonyesha wote kipande cha boksi."

Leokadia aliinuka, akaenda nyuma ya mlango ambako suti ya kuzamia ilikuwa imetundikwa, nyeusi, ndefu kama mtu aliyesimama. Akafungua zipu ya mgongoni na kuigeuza ndani nje. Juu ya kila mshono kulikuwa na utepe wa kijivu wa kuzuia maji. Kwapani utepe ulikuwa umeachia, umejikunja kama ganda la kitunguu. Unyevu wa kuta wa siku tatu tu.

Ndani ya pochi yake mlikuwa na kipande cha utepe kama huo. Alikikata kutoka kwenye suti aliyofia Thadeo, ile waokoaji waliyoipasua kifuani. Akaviweka sambamba. Akavinusa. Mwaka wake wa kwanza hapa aliuza makoti ya mvua, na gundi ile aliifahamu kama anavyofahamu harufu ya ubani.

"Hii ililetwa lini?"

"Jumatano. Adrian alileta mizigo ya wote kutoka godauni. Hii ni ya akiba, ya Ghalib."

"Na ziwani utafanya nini hasa?"

"Ghalib amenifundisha siku sita kwenye bwawa la kuogelea. Nitaingia mita tatu, dakika kumi, na kamba kiunoni. Niache rozari ya kaka, nitoke. Adrian atashika kamba."

"Chumba cha marehemu ulikisafisha wewe. Alikuwa na viatu gani?"

Teddy alishangaa swali. "Raba jozi mbili. Na sandali."

"Basi?"

"Basi, mama."

Leokadia aliikunja suti ndani ya mfuko wa plastiki. "Hii naondoka nayo. Uende uwanjani kama ilivyopangwa, na usimwambie yeyote kwamba nimeichukua. Ukiulizwa, iko kwenye begi. Kaa karibu na Swalha muda wote."

"Mama, kuna nini?"

"Kula kwanza," Leokadia alisema, akafunga mlango.

Duka la Ghalib lilikuwa kichochoroni mtaa wa Xiaobei, miwani ya kuzamia imening'inizwa kama samaki wa kukausha. Ghalib mwenyewe alikuwa Mzanzibari wa makamo, mkavu, mwongoza wageni kuzamia bahari kule Nungwi kabla hajaingia biashara. Mkewe Swalha alikuwa anafunga mabegi chumba cha nyuma.

"Karibu, Bi Leokadia. Umekuja kutuaga ama kutuzuia?"

"Nimekuja kuuliza. Tarehe ishirini na nane mwezi wa pili ulimfuta Thadeo kwenye orodha. Watu watatu waliwasikia mkigombana. Siku mbili baadaye amekufa mazoezini kwako."

Ghalib aliacha alichokuwa akifanya. "Mbona hukuniuliza siku zote hizo?"

"Nakuuliza leo."

"Nlimfuta, ndiyo. Thadeo akivuta hewa kama ng'ombe anywaye maji. Chini ya barafu mtu wa namna ile ni maiti. Nkamwambia kaa, mwakani. Akanitukana mpaka marehemu mama yangu."

"Kwa hiyo ukamrudisha."

"Adrian alikuja kumwombea. Kakaa pale ulipokaa weye, saa nzima. 'Kaka, kijana kaota safari hii mwaka mzima, mwache angalau afanye mazoezi, mimi ntakuwa mwenziwe majini.' Nkalegea." Alijifuta uso. "Ningelikaza, angelikuwa hai."

"Suti kama hii ikiingia maji, kinatokea nini?"

"Yaitwa suti kavu kwa kuwa maji hayatakiwi ndani kabisa. Unavaa nguo za sufu, na hewa humo ndani ndo inakufanya uelee na kukupa joto. Ikijaa maji, hewa yatoka, sufu inanywa maji, weye wenda chini kama gunia la chumvi. Na baridi inakukata pumzi. Mwenzio akikushika, utapona. Adrian kasema maji yalikuwa matope, kampoteza."

"Nani alinunua vifaa?"

"Vya majini miye. Suti nne na moja ya akiba, zote kiwanda kimoja. Vya nchi kavu Adrian. Daftari hilo hapo, tazama, sina la kuficha."

Ghalib alikuwa mpangaji hodari, hilo Leokadia alilikubali. Kila siku ya safari ilikuwa na ukurasa wake: saa ya treni, unene wa barafu, nani anaingia majini na nani yuko juu, uji wa saa ngapi. Nyuma alibandika risiti. Mahema mawili. Fimbo nne za kupandia, na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, jozi nne, vyote vya mwezi wa kwanza. Buti za theluji, tarehe ishirini na nne mwezi wa pili: namba arobaini na tatu, arobaini na moja, thelathini na nane.

Alihesabu kwa kucha. "Buti ni jozi tatu."

"Yangu, ya Adrian, ya Swalha."

"Na Thadeo?"

"Adrian kasema Thadeo anazo zake."

"Na Teddy?"

"Ataazima huko huko, nliambiwa hivyo." Ghalib alikunja uso. "Bibie, buti zimekukosea nini?"

"Bado sijajua. Ufunguo wa godauni mnao wangapi?"

"Wawili. Miye na Adrian."

"Na Thadeo alikuwa nao."

"Allah amrehemu. Ndiyo, watatu."

Leokadia aliandika hayo kwenye kidaftari chake kwa mwandiko wa shule ya msingi, herufi moja moja, hakuna inayogusa nyingine. Watu wawili wenye ufunguo. Mmoja aligombana na marehemu mbele ya watu. Mwingine alimpenda mbele ya watu. Polisi yeyote angeanza na wa kwanza.

Saa tano kasoro alishuka Zhongda. Soko lile la vitambaa ni mji ndani ya mji, na anayetafuta fundi bila kujua anachotafuta hutoka na miguu iliyovimba tu. Leokadia alijua. Hakuuliza suti, aliuliza utepe. Akakionyesha kile kipande: nani anaupiga pasi utepe huu juu ya kitambaa kizito kama hiki? Duka la kwanza, meiyou, hakuna. La pili, meiyou, na mkono wa kumfukuza. La tatu, mzee mmoja alikinusa kama alivyokinusa yeye, akamwelekeza ghorofa ya tatu jengo la nyuma.

Karakana ilikuwa na cherehani sita na mashine moja ya pasi. Mwenye nayo, laobanniang, mama mwenye mali, wa miaka kama hamsini hivi, alikuwa anakula wali kwenye bakuli la plastiki. Kichina cha Leokadia kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Alifunua mfuko, akaitandaza suti mezani.

"Yangu," mama yule alisema bila kuacha kutafuna. "Imeharibika? Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Alileta moja halisi ya kuigiza. Nikamwambia, mashine ya utepe wa kuzamia sina, huu ni wa koti la mvua. Akasema hakuna neno, haiingii majini, ni ya kutundika dukani watu waone."

"Alikuwa nani?"

"Mwafrika." Akacheka kidogo. "Nyinyi mnafanana."

"Na sisi tunasema hivyo hivyo juu yenu, dada."

Mama yule alicheka kwa sauti safari hii, akafuta mikono, akavuta daftari kubwa chini ya meza. Kila oda ilikuwa na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, vipimo, tarehe, na maki. Akageuza kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate. Tarehe ishirini na nne mwezi wa pili, moja, ndefu. Tarehe tisa mwezi wa tatu, moja, ya kati. Pembeni ya zote mbili, kwa kalamu nyekundu: T.M., na kichwa cha jogoo, kimechorwa vibaya lakini ni jogoo.

Leokadia alisoma tarehe mara mbili. Thadeo alikufa tarehe mbili. Tarehe tisa alikuwa na siku saba ndani ya friji.

"Maki hii alikuandikia yeye?"

"Alitaja, mimi nikachora. Sikumuuliza. Wote hutaja."

Hapo ndipo alipojinasa. Mtu yule angeweza kulipa, kuchukua nguo yake na kwenda zake, hakuna ambaye angemjua mpaka kiama. Lakini mdomo wa mfanyabiashara hauna breki. Ameingia dukani, ametaja maki, tena ile aliyozoea kuitumia kwa vitu asivyotaka vijulikane ni vyake.

"Jaribu kukumbuka, dada. Siku ya kwanza alikuwa na kitu gani mkononi?"

"Maboksi. Aliyaweka kwenye meza yangu ya pasi, moja likaungua kona, tukagombana." Alipima kwa mikono. "Viatu vikubwa vya manyoya. Maboksi matatu."

Leokadia alishika msalaba shingoni mwake. Wasafiri walikuwa wanne siku ile, Thadeo yuko hai, anacheka, anajigamba mtaani kwamba anaenda kugusa theluji. Na mtu aliyetumwa kununua buti alinunua jozi tatu.

Alipiga picha kurasa zote mbili. Halafu akampigia afisa mmoja wa polisi aliyeshughulikia mambo ya wageni, mtu waliyejuana kwa misiba sita, akamweleza yote.

"Daftari lina jina la marehemu, si la mtu wako," afisa alimjibu. "Na nguo si kisu. Atasema mwenzake ndiye aliyeagiza."

"Njoo tu uwanjani. Simama mahali unaposikia."

"Mimi sijui Kiswahili."

"Hutahitaji kukijua. Utazame uso."

Saa nane na nusu, ukumbi wa kuondokea pale uwanja wa ndege wa Baiyun, aliwakuta wote wanne mbele ya mizani. Ghalib alikuwa anapanga upya mabegi, Swalha amemshika Teddy mkono. Adrian alisimama upande wa toroli, mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Yeye na Thadeo walitoka mtaa mmoja kule Mbeya. Msibani yeye ndiye aliyelia mpaka akamwagiwa maji.

"Mama yetu, shikamoo. Umekuja kutuombea safari."

"Marahaba, Adrian. Nimekuja na hii, ilisahauliwa." Leokadia aliitoa suti kwenye mfuko wa plastiki, akaitandaza juu ya begi. Utepe aliuacha ndani, hauonekani. "Mwanangu Teddy ana hofu nayo. Anasema inambana. Nikatazama, wewe na yeye mnalingana bega kwa bega. Badilishaneni. Wewe uvae hii, yeye umpe yako."

"Haiwezi kumbana, mama. Ni mpya."

"Ndiyo maana nakupa wewe, ukae na mpya."

Adrian alicheka. "Mimi nimeshaizoea yangu."

"Nipe miye basi," Ghalib alisema, tayari ameshanyoosha mkono. "Ntaivaa miye, buheri. Makelele ya nini kwa suti?"

"Subiri, Ghalib. Wewe ni mrefu." Leokadia hakuondoa macho kwa Adrian. "Ni mita tatu tu, mwanangu. Dakika kumi. Na kamba ataishika Teddy."

Tangazo la ndege nyingine lilipita juu yao kwa lugha mbili, likaisha. Adrian hakuigusa suti. Alitazama milango ya kioo, akatazama saa, kisha mkono wake ukajificha mfukoni kama wa mtu aliyepewa nyoka ashike.

"Mnanichelewesha," alisema taratibu. "Kama Teddy anaogopa, abaki."

"Thadeo alikuwa haogopi. Mbona naye hukumnunulia buti?"

"Alikuwa nazo."

"Alikuwa na raba mbili na sandali. Tarehe ishirini na nne ulikwenda Zhongda na maboksi matatu. Uliunguza kona ya moja kwenye pasi ya watu." Sauti yake haikupanda. "Tulio sokoni tunajua, Adrian. Hakuna anunuaye mzigo wa mtu ambaye hataupokea."

Ghalib alikuwa ameshaigeuza suti ndani nje. Aliushika utepe kwa ncha za vidole, akauvuta, ukatoka wote kwa urefu wa mkono, bila nguvu, kama uzi kwenye andazi. Alibaki nao mkononi.

"Weye," alisema. "Weye ulokuja kuniombea."

Adrian aligeuka. Hakukimbia, alitembea kwa haraka ya mtu aliyesahau kitu nje, na hatua ya sita afisa alikuwa ameshamshika kiwiko. Wa pili akatokea nyuma ya nguzo. Adrian hakupiga kelele. Alisema tu kwa Kichina, mara tatu, kwamba ana ndege.

Polisi waliomba begi la vifaa vya nchi kavu lifunguliwe hapo hapo. Swalha ndiye aliyefungua, kwa kuwa Ghalib bado alikuwa ameushika utepe. Akatoa mahema, akatoa fimbo, akatoa maboksi ya buti na kuyapanga sakafuni, moja likiwa na kona nyeusi.

Teddy, miguuni na raba za kaka yake alizozijaza magazeti, aliyatazama maboksi. Akainama, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa la kwanza, la pili, la tatu. Halafu akaingiza mkono ndani ya begi lililobaki tupu na kupapasa akitafuta la nne, mpaka kwenye pembe zake.